Rita Hayworth: Nyota aliyeitwa mlevi kumbe mgonjwa

MWAKA 1976, mwanamama mmoja aliteremka kutoka ndani ya ndege mjini London, nywele zimemtimka, macho yakitangatanga kama mtu asiyejua alipo. Wapiga picha hawakumwacha. Punde magazeti yakauonyesha ulimwengu sura ya Rita Hayworth, nyota wa filamu ya Gilda ya mwaka 1946, na wengi wakahitimisha kuwa pombe imemmaliza.

Rita alizaliwa New York, Marekani, Oktoba 17, 1918, akaitwa Margarita Carmen Cansino. Baba yake, Mhispania, alikuwa mcheza dansi, naye binti akapanda jukwaani angali mdogo. Mwaka 1949 aliolewa na Mwanamfalme Aly Khan, mtoto wa Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia ambaye waumini wake walimpima kwa almasi mjini Dar es Salaam mwaka 1946. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1953, lakini ilijaliwa binti mmoja, Yasmin, aliyezaliwa Desemba 1949.

Maradhi yalimnyemelea Rita kabla uzee haujabisha hodi. Alipocheza filamu yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1972, maneno ya kusema yalikuwa hayakai tena kichwani. Ni kweli alikuwa akinywa, na hilo likaficha ugonjwa kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo ilipobainika kuwa ni Alzheimer, maradhi yanayoua chembe za ubongo kidogo kidogo na kuifuta kumbukumbu.

Mwaka 1981 mahakama ilimkabidhi Yasmin ulezi wa mama yake. Alimhamishia New York, akamweka jirani naye na kumuuguza hadi alipofariki dunia Mei 14, 1987, akiwa na umri wa miaka 68.

Yasmin hakuuficha ugonjwa huo kama aibu ya nyumbani. Tangu mwaka 1985, tafrija zenye jina la mama yake zimechangisha fedha za utafiti na za kuzisaidia familia za wagonjwa.

Hata kwetu wapo wazee ambao kusahau kwao huitwa laana, pengine uchawi. Rita aliitwa mlevi. Dawa ya kumponya haikuwapo, lakini mwanawe alimwondolea jina baya, akamrudishia heshima yake angali hai.