Sheikh Abdallah Saleh Farsy: Mhamiaji Aliyepokewa kwa Heshima

Alhamdulillah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake.

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina tarjama ya Qur-ani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Wengi wetu tunaifungua bila kujua kuwa ilipotoka kamili, mwaka 1969, mwenyewe alikuwa keshahama kwao.

Alizaliwa Unguja mwaka 1912, akasoma kwa wanavyuoni wa Mji Mkongwe, akiwemo Sheikh Abubakar Bakathir. Baba yake Sheikh Abubakar, Sheikh Abdallah Bakathir, alizaliwa Lamu, akaja Unguja na kusomesha Ukutani. Sayyid Ahmad bin Sumait alizaliwa Ngazija, akawa kadhi hapa hapa. Mji haukuwapa wageni hawa chakula na malazi tu. Uliwapa nafasi ya kusomesha, na watoto wake wakawa wanafunzi wao. Ilimu aliyoirithi Sheikh Farsy ilipitia mikononi mwa watu hao.

Alisomesha skuli kwa miaka mingi, akadarsisha misikitini, na mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar. Yakaja Mapinduzi ya 1964, na watu wengi wa visiwa hivi wakatawanyika: Bara, Kenya, Oman, Uingereza. Mwaka 1967 naye akaenda Kenya, akiwa na miaka 55, umri ambao mtu hutamani kutulia kwake.

Waislamu wa Kenya hawakumweka pembeni kama mtu wa kuhurumiwa. Mwaka 1968 alishika Ukadhi Mkuu wa nchi ile, akabaki nao mpaka 1981. Tarjama aliyoianza Zanzibar, iliyokuwa ikitoka sehemu kwa sehemu, Islamic Foundation ya Nairobi ikaichapisha nzima. Mwaka 1972 akatoa kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na kwa kalamu yake hawakusahauliwa wale wa Barawa, Lamu, Ngazija na Hadhramaut. Alifariki Muscat mwaka 1982.

Ndugu zetu, hii ndiyo njia ya Madina. Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) aliwaunga udugu Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii alimtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko. Haki ya mhamiaji, basi, haimalizwi na sahani ya wali. Anahitaji kuonyeshwa soko: kazi aijuayo, na watu wa kumwamini.

Sisi wa visiwani tumewahi kuwa upande wa pili. Mwaka 2001 ndugu zetu zaidi ya 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya, wakapokewa. Kwa hivyo tujiulize leo majumbani mwetu: yule mgeni aliyehamia mtaani petu, tumeshamuuliza anajua kazi gani? Mwanawe tumeshamkaribisha chuoni akae pamoja na wetu? Huenda tunayemwita mgeni ndiye atakayewasomesha wajukuu zetu.

Allah amrehemu Sheikh wetu, ailaze roho yake pema, na atujaalie kuwa Ansari wa wenzetu. Amin.