Mohamed Amin: aliyeifanya dunia iione njaa ya Ethiopia

Ukipita Kabalagala jioni, hapa Kampala, utawakuta Waethiopia na Waeritrea kwenye mikahawa yao, kahawa mezani na taarifa ya habari kwenye televisheni. Msomaji wa habari unamjua kwa sura. Aliyeshika kamera humjui. Leo tunakukumbusha mmoja wao, Mohamed Amin, aliyefariki mwaka 1996.

Mo, kama wengi walivyomwita, alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambako alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, akiwa bado kijana. Alipiga picha za vita, mapinduzi na viongozi wa Afrika, akiwemo Idi Amin wa hapa Uganda.

Oktoba 1984 alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Maelfu ya watu waliokimbia njaa walikuwa wakilala nje kwenye baridi, na kila siku wengine walikufa. Serikali za nje zilikuwa zimeonywa mapema, lakini msaada ulikuwa haba. Picha za Mo zilipoonyeshwa, watu wa kawaida katika nchi nyingi walianza kuchanga. Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia.

Kazi hiyo ilimgharimu. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake, John Mathai, aliuawa, na Mo akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na watu waliotaka iwapeleke Australia. Mafuta yaliisha, ikaanguka baharini karibu na Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, Mo akiwa mmoja wao.

Picha zake ziliokoa maisha. Hata hivyo, sura za watu wa Korem zilionekana duniani kote bila wengi kujua majina yao. Kwa hiyo mtu akija na kamera nyumbani kwako au kwenye foleni ya chakula, muulize anatoka wapi, picha itatumika wapi, na kama utatajwa jina. Unaweza kukubali ili habari yako ijulikane. Unaweza pia kukataa, na hupaswi kunyimwa huduma kwa sababu hiyo.