Bwana Storey na Mahindi Yenye Michirizi

Harold Storey, Mwingereza, alizaliwa mwaka 1894. Huko Natal, Afrika ya Kusini, aliona mahindi na miwa inaugua: majani yana michirizi, na mavuno ni haba. Akagundua kwamba virusi vya mahindi huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye, afyonzaye majani. Je, ugonjwa wa miwa ndio uleule? Hakuyaamini macho tu. Pamoja na mwenzake McClean akahamisha wadudu toka mmea hata mmea, akangoja. Ikadhihirika kuwa virusi ni vya namna mbalimbali. Mwaka 1928 akaja Amani, Usambara. Huko akatambua kwamba wadudu wengine hurithi uwezo wa kuambukiza, wengine hawana. Alifariki mwaka 1969. Nasi wa Mkuyuni, ambao mahindi ni chakula chetu, tujifunze kupima kabla ya kusema vitu vifananavyo ni kimoja.