Colin Chapman

Anthony Colin Bruce Chapman (19 Mei 1928 – 16 Desemba 1982) alikuwa mhandisi, mbunifu wa magari na mfanyabiashara kutoka Uingereza, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus. Anajulikana zaidi kwa kuongoza timu ya Lotus iliyotwaa ubingwa wa watengenezaji wa Formula 1 mara saba. Hata hivyo kazi yake ilianza na swali dogo zaidi: namna ya kulitayarisha gari la kawaida ili liingie kwenye mashindano siku ya mapumziko, kisha limrudishe mwenyewe nyumbani.

Maisha ya awali

Chapman alizaliwa Richmond, karibu na London. Baba yake aliendesha hoteli huko Hornsey, kaskazini mwa jiji hilo. Alisomea uhandisi wa miundo katika chuo cha University College London, na akiwa huko alijifunza pia kurusha ndege. Masomo hayo mawili yalionekana baadaye katika magari yake. Mhandisi wa miundo hukokotoa mzigo unaobebwa na kila nguzo, na ndege haiwezi kubeba chuma kisicho na kazi.

Akiwa mwanafunzi alinunua na kuuza magari yaliyotumika. Mwaka 1947 serikali ilipoondoa mgao wa msingi wa petroli kwa magari ya binafsi, bei zilianguka, naye akabaki na gari kuukuu aina ya Austin 7 lisilo na mnunuzi. Akaamua kulivunja na kulijenga upya katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Gari hilo lilikamilika mwaka 1948, na ndilo Lotus la kwanza. Alilitumia barabarani na katika mashindano ya kupanda vilima vya matope.

Kuanzishwa kwa Lotus

Chapman alijiunga na klabu ya 750 Motor Club, ambayo wanachama wake walishindana kwa gharama ndogo wakitumia injini za Austin 7. Mwaka 1951 alijenga Lotus Mk III. Katika injini ya Austin 7, silinda mbili zilitumia njia moja ya kuingizia hewa na petroli. Chapman aliigawa kila njia kwa ndani ili kila silinda ipate ya kwake. Gari lake lilishinda mara nyingi hata sheria zikabadilishwa ili kuizuia mbinu hiyo.

Tarehe 1 Januari 1952 alianzisha kampuni ya Lotus Engineering kwa mkopo wa pauni 25 kutoka kwa Hazel. Karakana yao ilikuwa banda la zamani la farasi nyuma ya hoteli ya baba yake. Mwanzoni Chapman aliendelea na ajira katika kampuni ya alumini wakati wa mchana, akajenga magari usiku. Yeye na Hazel walifunga ndoa mwaka 1954.

Gari lililowapatia wateja ni Lotus Mk VI. Chasisi yake ilikuwa ya mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa kulehemu, yenye uzito wa takriban kilo 25 tu. Gari liliuzwa kwa vipande, na mnunuzi alilifunga mwenyewe na kutafuta injini na giaboksi kutoka magari ya kawaida ya Ford au MG. Hivyo aliepuka kodi iliyotozwa magari mapya yaliyokamilika.

Mwaka 1957 ilifuata Lotus Seven, iliyokuwa na uzito chini ya kilo 500. Mwenye gari aliweza kwenda nalo kazini siku za wiki, kisha akaliendesha hadi uwanja wa mbio. Pale alitoa vitu visivyohitajika, kama turubai, tairi la akiba na vifaa vya kutengenezea, akakagua breki, upepo wa tairi na nati za magurudumu, ndipo akaingia uwanjani.

Falsafa ya wepesi

Chapman aliamini kwamba uzito upunguzwe kabla ya nguvu ya injini kuongezwa. Injini yenye nguvu zaidi humsaidia dereva hasa kwenye sehemu zilizonyooka. Gari jepesi humsaidia pia anapokata kona na anapofunga breki. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari lenye nusu ya uzito, likisimamishwa kutoka mwendo uleule, huzalisha nusu ya joto. Jambo hili ni muhimu kwa magari ya barabarani, kwa sababu breki zao hazikuundwa kufungwa kwa nguvu mara kwa mara kama inavyotokea uwanjani.

Formula 1

Lotus iliingia Formula 1 mwaka 1958. Mwaka 1962 Chapman alileta Lotus 25, ambayo bodi yake yenyewe ilichukua nafasi ya chasisi ya mabomba. Jim Clark alitwaa ubingwa wa dunia kwa magari ya Lotus mwaka 1963 na 1965. Walifuata Graham Hill (1968), Jochen Rindt (1970), Emerson Fittipaldi (1972) na Mario Andretti (1978). Gari la Andretti lilitumia hewa inayopita chini yake ili kuligandamiza barabarani.

Ajali na lawama

Wepesi huo ulikuwa na gharama. Wakosoaji walisema Chapman alipunguza uzito hata kwenye sehemu zilizohitaji nguvu. Mwaka 1969, katika mbio za Hispania, mabawa ya nyuma ya magari ya Hill na Rindt yalivunjika, na Rindt akajeruhiwa. Baadaye Rindt alimwandikia Chapman barua akitaka sehemu dhaifu ziimarishwe hata kama gari lingeongezeka uzito kidogo. Tarehe 5 Septemba 1970 alifariki wakati wa mazoezi huko Monza, Italia. Ilibainika kwamba mhimili wa breki ya mbele ulivunjika, na kwamba kingo za uwanja hazikufungwa ipasavyo. Alitangazwa bingwa baada ya kifo chake. Clark naye alikuwa amefariki ndani ya Lotus huko Hockenheim, Ujerumani, tarehe 7 Aprili 1968.

Miaka ya mwisho

Kuanzia mwaka 1978 Lotus ilipewa kazi ya kusanifu gari la DeLorean, lililojengwa Ireland ya Kaskazini kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Mamilioni ya pauni yalipitishwa katika kampuni ya nje na kutoweka. Chapman alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 54, kabla ya suala hilo kufika mahakamani. Mwaka 1992 aliyekuwa msimamizi wa fedha wa Lotus alifungwa kwa makosa yanayohusiana na fedha hizo.

Urithi

Haki za kutengeneza Lotus Seven zilichukuliwa na kampuni ya Caterham mwaka 1973, na magari ya muundo huo yanaendelea kujengwa. Lotus yenyewe ilirudia wazo hilo mwaka 1996 kwa gari jepesi la Elise. Magari hayo hupendwa na watu wanaoanza kuendesha katika viwanja vya mbio kwa magari yao ya kila siku. Maandalizi yao hufuata mpangilio uleule wa wateja wa kwanza wa Chapman: breki, mafuta ya breki na tairi hukaguliwa kwanza, vitu visivyofungwa hutolewa garini, na injini huachwa kama ilivyo. Ajali za miaka ya 1960 na 1970 zimeongeza sharti moja, kwamba uzito usipunguzwe kwenye sehemu zinazoshika magurudumu, breki na dereva.