Thomas Graham, mtu aliyetupa jina la dayalisisi

Wengi wenu mnamjua au mmesikia habari za mgonjwa wa figo anayesafiri hadi mjini mara 2 au 3 kwa wiki kusafishwa damu. Huduma hiyo huitwa dayalisisi. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyeipa jina hilo, ingawa hakuwa daktari.

Thomas Graham alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1805. Baba yake, mfanyabiashara, alitaka awe mchungaji. Kijana akachagua kemia. Baba alikasirika akamkatia msaada, lakini mama hakumwacha. Mwaka 1830 Graham akawa profesa Glasgow, na mwaka 1837 akahamia London kufundisha chuo kikuu.

Waliosoma kemia sekondari wanaikumbuka Kanuni ya Graham: gesi nyepesi husambaa haraka kuliko nzito. Lakini kazi iliyokuja kugusa hospitali aliitangaza mwaka 1861, wakati huo akiwa mkuu wa kiwanda cha sarafu cha serikali ya Uingereza.

Alichukua karatasi maalumu, akaiwamba kama ngozi ya ngoma na kuiweka ielee juu ya maji. Alipomimina juu yake mchanganyiko wa sukari na gundi ya mti, sukari ilipenya ikaingia majini, gundi ikabaki. Alipoweka mkojo, urea, yaani taka inayotolewa na figo, nayo ikapita. Ni kama chekeche: chembe ndogo hupita, kubwa huzuiwa.

Graham alifariki London mwaka 1869. Ilichukua miaka zaidi ya 80 tangu jaribio lake hadi daktari Willem Kolff wa Uholanzi, mwaka 1945, kumwokoa mgonjwa kwa mashine yenye utando wa aina hiyo.

Baadhi ya plasta za dawa pia zina utando unaopitisha dawa kidogo kidogo hadi kwenye ngozi. Watafiti wanajaribu hata utando unaobadilika kwa joto, ili joto lenyewe liamue dawa itoke lini.

Tukumbuke jambo moja: dayalisisi haiponyi figo, inazifanyia kazi tu. Taka hurudi kujaa kwenye damu kila siku. Kama una mgonjwa nyumbani, msaidie asikose siku yake.