Shekhar Mehta: mkimbizi wa Uganda aliyezitawala kona za Safari Rally

Dereva anayetoka Kasongo kwenda Kabambare wakati wa mvua hahitaji kufundishwa kwamba kona ya matope haikatwi kwa usukani peke yake. Unageuza magurudumu kushoto, gari linaendelea kwenda mbele, na ukikanyaga breki hapo katikati umekwisha. Aliyeugeuza ujuzi huo kuwa kazi ya maisha yake alizaliwa nchi jirani ya Uganda, tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba makubwa. Anaitwa Shekhar Mehta.

Alianza kushindana akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika East African Safari kwa Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann, aliyekuwa na gari la aina hiyo hiyo. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Mehta akahamia Kenya.

Pasaka ya 1973, miezi michache tu baada ya kufukuzwa, alikuwa tena kwenye mstari wa kuanzia. Mwaka huo ndio ulikuwa wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rally, na Safari ilikuwa sehemu yake. Gari lilikuwa 240Z: milango miwili, umbo la michezo, na nyuma mlango unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Injini ya silinda sita ilikaa mbele na kusukuma magurudumu ya nyuma.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana vijana wengi wanaopenda magari wanaanza kwa kosa lile lile. Wanalishusha gari chini na kulifungia springi ngumu ili lishike kona. Kwenye lami ni sawa: mwili wa gari haulali upande, na matairi yanashika vizuri. Kwenye udongo wenye mifereji, springi ngumu inalirusha gari, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Gari la Safari huinuliwa, hupewa springi zenye nafasi ya kutosha kupanda na kushuka, na shokapu zinazovumilia joto la siku nzima. Linayumba, ndiyo, lakini magurudumu yote manne yanabaki ardhini.

Kinachobaki ni kazi ya dereva. Breki inapigwa mapema, kabla ya kona. Uzito unahamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi na kuanza kuteleza kwenda nje, pua inaelekea ndani. Ndipo mafuta yanakanyagwa taratibu ili mkia usipite kiasi. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mguu wa kulia unaongoza sawa na mikono.

Mashindano yale yalikuwa na zaidi ya kilomita 5,000, barabara zikiwa wazi kwa ng'ombe, malori na watu. Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye wa Datsun, walimaliza wakiwa na alama sawa za adhabu. Ushindi akapewa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza.

Kisha ikaja miaka ambayo haijarudiwa na mtu katika Safari: 1979, 1980, 1981 na 1982, ushindi wanne mfululizo, pembeni yake akiwa Mike Doughty. Gari halikuwa la kutisha. Datsun Violet ilikuwa na injini ya lita mbili hivi na umbo la gari la mwalimu wa shule. Mwaka 1979 aliyefuata nyuma yake alikuwa Hannu Mikkola, ndani ya Mercedes ya lita tano. Mwaka 1982 alikuwa Walter Röhrl, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia.

Mwaka 1986 Mehta alikabidhiwa Peugeot 205 Turbo 16. Kwa macho ni kigari kidogo cha mjini. Ndani yake injini ilikaa nyuma ya viti, na nguvu zilikwenda magurudumu yote manne. Kwa kona hakukuwa na gari lililolizidi sana duniani wakati ule, na Peugeot ilikuwa bingwa wa dunia. Kwenye Safari halikumpa hata nafasi katika tano bora. Toyota Celica ya Björn Waldegård, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ndiyo iliyoshinda.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya katika Rally ya Mafarao nchini Misri. Aliumia sana, na mbio zake zikaishia pale. Baadaye aliongoza tume ya rally ya shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60.

Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikiwa na kituo chake Naivasha. Tangu hapo Toyota Yaris, gari dogo lenye mlango wa nyuma, limeshinda mara kadhaa, huku kilomita za kushindania saa zikiwa hazifiki hata 400.