Daktari aliyekataa mgonjwa wa mgongo aachwe afe

Msomaji wangu, msimu wa maembe unapofika, sisi wa mapokezi tunajua tutakacholetewa. Kijana kateleza kwenye tawi, kaangukia makalio au mgongo, na miguu haina habari. Pwani ni wakwezi wa minazi. Kisha wapo wa bodaboda na wanaoanguka kwenye majengo, na hao hawana msimu. Mara nyingi, hata kabla mgonjwa hajapigwa picha, mama au baba ananivuta pembeni aniulize kama ndiyo basi tena.

Leo nitajibu kwa kukusimulia maisha ya daktari mmoja wa zamani, Ludwig Guttmann. Swali hilo alikutana nalo akiwa bado kijana, akapewa jibu ambalo hakulikubali mpaka anaingia kaburini.

Alizaliwa Julai 3, 1899 katika mji wa Tost, uliokuwa Ujerumani wakati ule na ambao sasa uko Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alikulia Königshütte, mji wa wachimba makaa ya mawe, na mwaka 1917, vita ikiendelea, alijitolea kuwa mhudumu katika hospitali ya majeruhi ya hapo. Siku moja akaletwa mchimbaji mwenye mwili wa nguvu, uti wa mgongo umevunjika, miguu imepooza. Wakubwa wakamnyoosha, wakamfunga plasta kiwiliwili kizima, wakamweka pembeni. Guttmann alipoanza kuandika taarifa zake, aliambiwa asijisumbue kuandika mengi, kwani mtu yule angekufa baada ya wiki chache. Kweli, wiki ya tano alikufa.

Alikufa na nini? Watu wengi hudhani mfupa uliovunjika ndio unaoua. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili: 7 za shingo, 12 za mgongo wa juu, 5 za kiuno, na chini yake zilizoungana mpaka kwenye kifandugu. Katikati ya pingili umepita ugwe mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo. Pingili inaweza kuvunjika na ugwe ukabaki salama. Bibi mwenye mifupa iliyochoka, kwa mfano, anaweza kuvunjika pingili kwa kuinua ndoo tu, akabaki na maumivu na kibiongo lakini anatembea. Balaa ni pale ugwe unapobanwa au kukatika. Chini ya hapo mtu hasikii wala hajisogezi, na kibofu hakijui tena kujifungua.

Sasa fikiria mtu huyo amelazwa chali siku nzima. Wewe ukilala ukachoka upande mmoja, unageuka hata bila kuamka. Yeye haumii, kwa hiyo hageuki. Ngozi ya juu ya makalio na visigino inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, nyama inaoza. Wakati huohuo mkojo umetuama, wadudu wanazaliana, wanapanda kwenye figo na kuingia kwenye damu. Hayo mawili, kidonda na mkojo, ndiyo yaliyomuua mchimbaji yule. Yote mawili yanazuilika.

Guttmann alisoma udaktari, akafuzu mwaka 1924, na huko Breslau akafanya kazi chini ya Otfrid Foerster, bingwa mkubwa wa mishipa ya fahamu wa zama zile. Mwaka 1933 Wanazi waliposhika madaraka, Wayahudi walifukuzwa katika hospitali za umma. Akahamia hospitali ya Wayahudi ya mji huo na baadaye kuwa mkuu wake. Novemba 1938, usiku ambao masinagogi yalichomwa na Wayahudi kukamatwa nchi nzima, aliamuru kila aliyefika mlangoni apokelewe bila maswali. Asubuhi maofisa wa SS walikuja kutaka maelezo. Akapita nao kitanda kwa kitanda, akimtungia kila mtu ugonjwa wake. Waliolazwa walikuwa 64, na 60 waliokoka kwa njia hiyo. Machi 1939 alikimbilia Uingereza na mkewe na watoto wao wawili.

Oxford walimpa nafasi ya utafiti. Kwa daktari wa wodini ile ilikuwa kama kufungwa kamba. Lakini mwaka 1943 serikali ya Uingereza, ikijiandaa kwa mapigano makubwa ya Ulaya, ilitafuta mtu wa kusimamia kituo cha askari waliovunjika uti wa mgongo. Kazi hiyo haikuwa na wagombea wengi. Kwa madaktari wengi wa wakati ule, wagonjwa hao walikuwa maiti zilizochelewa. Guttmann alikubali kwa sharti moja, kwamba aachwe afanye atakavyo. Februari 1, 1944 kituo kikafunguliwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, nje kidogo ya mji wa Aylesbury.

Utashangaa jinsi dawa yake ilivyokuwa nyepesi kuieleza. Aliondoa zile plasta za kiwiliwili, maana zilikuwa zinaficha vidonda. Akaagiza mito, na kila mgonjwa akageuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku: chali, ubavu huu, ubavu ule. Mkojo ukatolewa kwa mpira kwa nyakati maalumu, kwa usafi wa hali ya juu, na mwanzoni alisisitiza madaktari wenyewe waifanye kazi hiyo. Saa za usiku alitokea wodini bila taarifa kukagua kama mgonjwa wa kitanda fulani amegeuzwa. Alikuwa mkali, hapendi kubishiwa, na sidhani kama ningefurahia zamu chini yake. Wagonjwa lakini walimwita Baba.

Ninaposoma habari zake namkumbuka mgonjwa mmoja wa miaka yangu ya mafunzo kwa vitendo. Alikuwa fundi ujenzi, kaanguka ghorofani, pingili ya kiuno imevunjika. Kila asubuhi tulipita na mafaili, tukajadili picha yake, tukapita. Wauguzi walidhani ndugu wanamgeuza, ndugu walidhani kumgusa ni kumvunja zaidi, na sisi madaktari hatukuuliza. Wiki ya tatu nilifunua shuka kwa sababu ya harufu. Kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Alifariki wiki ya sita, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopita. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 60 baada ya Guttmann kuonyesha njia.

Wapo waliomwona Guttmann amekosea, na kwa jambo moja wana hoja. Hakupenda upasuaji. Aliamini pingili nyingi zitaunga zenyewe mgonjwa akilazwa vizuri kwa mito kwa wiki kadhaa. Siku hizi, pale penye kipimo cha CT na daktari bingwa, pingili isiyo imara hufungwa kwa skrubu na vyuma, na mgonjwa akakalishwa mapema. Nami nakubaliana na njia hiyo kwa wengi. Ila vyuma havigeuzi mgonjwa, na ngozi ya aliyepasuliwa inaoza sawasawa na ya asiyepasuliwa.

Jambo ambalo Guttmann hakuweza kulisimamia ni safari ya kutoka chini ya mwembe mpaka hospitali. Hilo ni lako, msomaji. Aliyeanguka akalalamika mgongo au shingo, au akasema miguu imekufa ganzi, usimnyanyue kwa kumshika kwapa na miguu. Usimkalishe umpe maji. Usimpakate katikati kwenye bodaboda. Tafuteni ubao mpana au mlango. Mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, ubao uingizwe chini yake, afungwe kwa khanga. Pingili iliyovunjika bila kudhuru ugwe inaweza kuukata njiani, mikononi mwa majirani wenye nia njema.

Turudi Stoke Mandeville. Wagonjwa walipoacha kufa, lilizuka swali lingine: waishi wakifanya nini? Guttmann hakutaka wodi ya watu wanaosubiri chakula. Akaleta useremala, utengenezaji wa saa na upigaji taipu, kisha michezo. Walianza na polo ya viti vya magurudumu kwa fimbo, ikaumiza watu, ikaachwa, wakahamia mpira wa kikapu na upinde. Julai 29, 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 waliopooza, wakiwamo wanawake wawili, walishindana kulenga shabaha kwa mishale katika uwanja wa hospitali. Mwaka 1952 Waholanzi walijiunga. Mwaka 1960 wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi zaidi ya 20 walikutana Roma, na hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa mashindano ya kwanza ya Paralimpiki. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1966, akastaafu, na akafariki Machi 18, 1980 akiwa na miaka 80.

Kwa hiyo, mama uliyenivuta pembeni, siku za mwanzo siwezi kukuambia kama mwanao atatembea. Ugwe uliopata mshtuko huweza kuzimika kwa siku au wiki, na ndiyo maana tunampima tena na tena, hata sehemu za aibu, kutafuta kama kuna hisia iliyobaki. Ikiwepo, matumaini ni makubwa zaidi. Isipokuwepo, bado kuna maisha marefu ya kupigania.

Usikubali kuondoka wodini kabla muuguzi hajakuona wewe mwenyewe ukimgeuza na ukimtoa mkojo kwa mpira. Kagua makalio, nyonga na visigino asubuhi na jioni, na doa jekundu lisilopotea usililalie tena. Usimkande kwa maji ya moto miguuni, hatajua anaungua. Na kama alivunjika shingo au juu ya kifua, akipata ghafla kichwa kugonga na jasho usoni, mkalishe, kisha angalia kama mpira umejikunja au kibofu kimejaa. Guttmann na mwenzake Whitteridge waliieleza hatari hiyo mwaka 1947. Shinikizo la damu hupanda kiasi cha kupasua mshipa kichwani. Ukishautoa mkojo na hali isitulie ndani ya dakika chache, mkimbize hospitali, hata kama ni usiku.